Vipande vitano havitoshei kwenye boksi la 2×2×5: kosa ni la mikono yangu au ni la maumbo yenyewe?

Mchongaji_Mgeni aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijaribu kubuni fumbo la vipande vya mbao ambalo mtu atalipanga ndani ya boksi dogo, na nia yangu ni kwamba vipande hivyo hivyo, vikishathibitika kuwa vizuri, vitumike pia katika mchezo wa watu wawili wa kupanga vitu juu kwa juu. Sikutaka kuchagua maumbo kwa kubahatisha, kwa hiyo nilijiwekea sheria moja: kila kipande kiundwe kwa michemraba 4 iliyogundishwa uso kwa uso, na kipande chote kiweze kulala bapa mezani. Sheria hiyo inazaa vipande vitano tu, ambavyo nimevipa majina ya fimbo, mraba, L, T na Z. Tano mara nne ni 20, na 2×2×5 ni 20 vilevile, hivyo nilitengeneza boksi la vipimo hivyo kabla hata gundi ya vipande haijakauka.

Furaha hiyo imekwisha. Vipande vinne huingia bila shida, lakini cha tano hukataa kila mara: nafasi zinazobaki ni nne kamili, ila hazina umbo la kipande nilichobaki nacho mkononi. Mara nyingine tatu zimeshikamana na ya nne iko peke yake ng'ambo ya pili ya boksi, kana kwamba inanicheka. Baada ya jioni nyingi za namna hii nimeanza kushuku kwamba jambo lenyewe haliwezekani, ingawa ujazo unalingana. Je, kuna njia ya kujua kabla ya kushika msumeno kwamba seti fulani ya vipande itajaza boksi fulani? Na ikiwa itajaza, fumbo zuri linapaswa kuwa na majibu mangapi: moja, kumi, au mia? Nitashukuru pia kusikia kutoka kwa waliowahi kubuni michezo ya kupanga juu kwa juu, kwa sababu upande huo sina hata pa kuanzia.

Witiri alijibu:

Ndugu Mchongaji, mikono yako haina kosa. Vipande hivyo vitano haviwezi kujaza boksi la 2×2×5 kwa namna yoyote ile, na uthibitisho wake ni mfupi kiasi kwamba unaweza kuufanya kwa penseli juu ya vipande vyenyewe.

Zipake rangi nafasi za boksi kama ubao wa drafti, ila ufanye hivyo kwa pande zote tatu, ili nafasi mbili zinazogusana kwa uso zisiwe kamwe na rangi moja. Boksi lako lina matabaka 5 ya 2×2, na kila tabaka lina nafasi nyeusi 2 na nyeupe 2, hivyo kwa jumla kuna nyeusi 10 na nyeupe 10. Sasa chukua fimbo: popote utakapoiweka itafunika nyeusi 2 na nyeupe 2. Mraba hufanya vivyo hivyo, na L na Z pia. T peke yake ndiyo yenye ukaidi, kwa sababu mchemraba wake wa katikati una rangi moja na mitatu inayouzunguka ina rangi nyingine, kwa hiyo hufunika 3 kwa 1. Ukijumlisha vipande vyote vitano unapata 11 za rangi moja na 9 za nyingine, ilhali boksi linadai 10 kwa 10. Ukiiacha T iwe ya mwisho, nafasi nne zitakazobaki zitakuwa daima nyeusi 2 na nyeupe 2, na T haiwezi kuzikalia hata kama zingeshikamana. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayovizuia vipande hivi kujaza mstatili bapa wa 4×5, ambao umewapotezea muda watu wengi kabla yako.

Hata hivyo, naomba usiichukulie hesabu ya rangi kuwa dawa ya kila kitu. Ina uwezo wa kukataza, lakini haina uwezo wa kuthibitisha: rangi zikikataa, jambo limekwisha, zikikubali, bado kazi iko mbele yako.

Njia ya kujinasua iliyo karibu zaidi ni kuiondoa T na kuweka mahali pake kipande kisicholala bapa. Chukua michemraba mitatu yenye umbo la kona, kisha gundisha wa nne juu ya ncha mojawapo ya kona hiyo. Utapata kipande kinachojipinda kama parafujo, na kuna parafujo ya kulia na ya kushoto kama zilivyo jozi za viatu. Parafujo hufunika 2 kwa 2, kwa hiyo rangi hazina pingamizi. Sitakuambia jibu, ila nitakuhakikishia kwamba lipo. Njia ya pili ni kutumia seti mbili za vipande vyako vitano: T zitakuwa mbili, moja ikiegemea weusi na nyingine weupe, na michemraba hiyo 40 inaweza kujaza boksi la 2×4×5 na hata la 2×2×10.

Binafsi, kati ya hizo mbili sipendi yoyote. Ya kwanza ni kiraka na ya pili ni marudio. Sheria yako ya awali ilikuwa na uzuri wake, kwamba mtu akiisikia anaweza kuviunda vipande vyote bila kuonyeshwa. Tatizo ni kwamba ulilazimisha vipande vilale bapa wakati fumbo lenyewe si la bapa. Ondoa sharti hilo. Michemraba 4 inaweza kuunganishwa kwa namna 8 tofauti, tukihesabu kipande na taswira yake kiooni kuwa ni viwili: vitano vyako, parafujo mbili, na kimoja ambacho mchemraba mmoja wa kona umezungukwa na mitatu inayotazama pande tatu, mithili ya kigoda cha miguu mitatu. Jumla ni michemraba 32, yaani 2×4×4. Tazama sasa kinachotokea kwa rangi: kigoda nacho ni cha 3 kwa 1, hivyo kina deni lile lile la T, na vikikaa kinyume madeni yanafutana. Sheria yenyewe imejisahihisha.

Usivuke hapo bila kufikiri mara mbili. Kwa michemraba 5 maumbo yanafika 29, na kwa 6 yanafika 166, nayo si seti tena, ni stoo.

TabakaTisa alijibu:

Nimesoma maelezo ya Witiri kwa furaha, nami nitajibu swali lililobaki, yaani idadi ya majibu, kwa kuwa ndilo ambalo wabunifu wanaoanza hulishikilia kwa namna isiyo sahihi. Wengi huamini kwamba fumbo lenye jibu moja ni gumu na lenye majibu mengi ni jepesi. Mafumbo matatu yanayojulikana sana yanatosha kuivunja imani hiyo.

La kwanza ni mchemraba wa Soma, uliobuniwa na Piet Hein wa Denmark mwaka 1933, na inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa anasikiliza mhadhara wa Werner Heisenberg. Alijiuliza swali moja tu: ni maumbo gani yanayoweza kuundwa kwa michemraba isiyozidi 4 ambayo si mchestatili, yaani yana angalau kona moja inayoingia ndani? Jibu ni maumbo 7, moja la michemraba 3 na sita ya michemraba 4, na jumla yake ni 27, ambayo ni 3×3×3. Vipande hivyo hujenga mchemraba kamili kwa njia 240, tukiacha kuhesabu mizunguko na taswira za kiooni. John Conway na Michael Guy walizipata zote kwa mkono mwaka 1961.

La pili lilitokana na wasanifu majengo wawili wa Uholanzi, Slothouber na Graatsma. Una vipande sita vya 1×2×2 na michemraba mitatu mimoja mimoja, nawe unatakiwa kujenga 3×3×3. Jibu ni moja tu. Watu wengi huanza na vipande vikubwa na kuiacha ile michemraba midogo izibe mianya mwishoni, na hapo ndipo hukwama, kwa sababu midogo ndiyo inayotawala. Mchemraba wa 3×3×3 una matabaka tisa ukiyahesabu kwa pande tatu, na kila tabaka lina nafasi 9, ambayo ni namba witiri. Kipande cha 1×2×2, ukikiweka vyovyote, huchukua nafasi 0, 2 au 4 za tabaka lolote, na zote hizo ni shufwa. Kwa hiyo kila tabaka kati ya yale tisa lazima lipate mchemraba mmoja mdogo, na kwa kuwa ipo mitatu tu, hakuna tabaka litakalopata miwili. Mtu akishaliona hilo, fumbo ambalo lilimsumbua kutwa humalizika kwa dakika chache.

La tatu ni mchemraba wa Bedlam, wa 4×4×4, wenye vipande 13: kumi na viwili vya michemraba 5 na kimoja cha michemraba 4. Una majibu 19,186, ilhali mtu anaweza kukaa nao wiki nzima asipate hata moja.

Majibu 240 ni mepesi kwa mchezaji wa kawaida, jibu 1 ni jepesi kwa aliyetambua siri, na majibu 19,186 ni magumu kwa karibu kila mtu. Idadi ya majibu, basi, haikuambii mengi kama hukuitazama pamoja na idadi ya njia za kupotea, na zaidi ya hapo, pamoja na swali la kama fumbo linamruhusu mchezaji kujifunza kutokana na kushindwa kwake. Kwa maoni yangu, ambayo najua wengine watayapinga, Bedlam ni fumbo lililo gumu bila kuwa na ukarimu: ukishindwa mara mia, mara ya mia na moja hujui zaidi ya ulivyojua mwanzo. Soma ni kinyume chake, na ningependa kuonyesha kwa nini, kwa kuwa hapa pana somo la ubunifu ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulipata.

Mchemraba wa 3×3×3 una kona 8. Katika vipande vya Soma, L inaweza kushika kona zisizozidi 2, na T nayo 2. Vingine vitano haviwezi kushika zaidi ya kona moja kila kimoja. Jumla ya juu kabisa ni 9, nasi tunahitaji 8, kwa hiyo upo upungufu wa kona moja tu unaoruhusiwa katika jengo zima. Lakini T haina kona moja: ama mkono wake mrefu unalala kwenye ukingo na kushika kona 2, ama haishiki hata moja. Ikikosa zote mbili upungufu unakuwa 2, jambo lisilowezekana. Hivyo katika majibu yote 240, bila ubaguzi, T imelala kwenye ukingo wa mchemraba.

Sasa lete rangi za Witiri. Katika 3×3×3, kona 8 na vitovu vya nyuso 6 vina rangi moja, tuite nyeusi, jumla 14. Kingo 12 na kitovu cha ndani ni nyeupe, jumla 13. T ikiwa ukingoni hufunika nyeusi 3 na nyeupe 1. Ili hesabu ifikie 14 kwa 13, kigoda lazima kiegemee upande wa pili, yaani kichwa chake kiwe kwenye nafasi nyeusi: ama kikae konani, ama kikae katikati ya uso na mguu mmoja uingie hadi kitovu cha mchemraba. Na kile kipande cha michemraba 3 hakiwezi kamwe kuweka kiwiko chake kwenye kona. Hakuna hata moja kati ya sheria hizi iliyoandikwa kwenye boksi. Zimezaliwa na vipande, na mchezaji mvumilivu huanza kuzihisi vidoleni kabla hajaweza kuzieleza. Mbunifu anayetafuta jambo la kutafuta angetafuta hilo.

Mchongaji_Mgeni aliandika:

Nawashukuru sana. Nimekaa na penseli nikapaka rangi vipande vyangu, na T imenitazama kama mshtakiwa aliyekamatwa. Swali dogo kwa Witiri: nikitengeneza parafujo, je, inanipasa kuchagua ya kulia au ya kushoto kwa ajili ya boksi la 2×2×5? Na je, si rahisi zaidi kuyaacha haya yote kwa kompyuta?

Witiri alijibu:

Chagua yoyote. Fimbo, mraba, L na Z ni vipande bapa, na kipande bapa ukikigeuza upande wa pili kinakuwa taswira yake mwenyewe ya kiooni. Kwa hiyo jibu lolote la parafujo ya kulia likitazamwa kiooni linakuwa jibu halali la parafujo ya kushoto.

Kuhusu kompyuta, ipo programu ya bure iitwayo BurrTools ambayo unaichorea vipande na umbo lengwa, nayo inakutafutia majibu yote na hata kukuonyesha kama vipande vinaweza kuingizwa kimoja baada ya kingine bila kupitishana kama mizimu. Jambo hilo la mwisho ni muhimu katika mafumbo ya kufungamana, kwa sababu mpangilio unaweza kuwa sahihi kwenye karatasi lakini usiwe na njia ya kuunganishwa mkononi. Itumie, ila itumie baada ya kufikiri. Kompyuta ingekuambia kwamba vipande vyako vitano vina majibu sifuri, nawe ungebadilisha boksi badala ya kuielewa T.

TabakaTisa alijibu:

Hapa sikubaliani kikamilifu na ndugu yangu. Mbunifu anayejaribu seti hamsini kwa mwezi atajifunza mambo ambayo mwenye kutafakari seti moja hatayaona, na programu ndiyo inayompa nafasi hiyo. Ninachokubali ni kwamba namba inayotolewa na programu si alama ya ubora.

MsasaLaini alijibu:

Mimi ni mtu wa mbao zaidi kuliko wa hesabu, kwa hiyo nitaongeza machache ambayo hayamo kwenye karatasi za wenzangu.

Kosa dogo hujumlishwa. Ikiwa kila mchemraba umezidi kwa sehemu ya tano ya milimita, fimbo ya michemraba minne na mwenzake mmoja pembeni hupata ziada ya milimita nzima katika urefu wa boksi, ambao ni wa michemraba mitano, na fumbo ambalo lina jibu litaonekana halina. Tengeneza vipande kwanza, vipange, pima jengo zima, kisha ndipo utengeneze boksi lenye nafasi kidogo ya kupumua. Ndugu Mchongaji alifanya kinyume, na bahati yake ni kwamba hesabu ilimkatalia kabla mbao hazijamkatalia.

Mbao huvimba na kunywea kwa upana wa nyuzi zake zaidi sana kuliko kwa urefu wake. Mchemraba uliokatwa vizuri wakati wa ukavu hautabaki mchemraba kamili wakati wa unyevu. Usiache nafasi ya kupumua iwe ya unywele tu. Tena, gundi haishiki vizuri pale nyuzi zinapoishia, kwa hiyo usijenge fimbo kwa kuunganisha michemraba minne kichwa kwa kichwa. Ikate yote kutoka ubao mmoja, na katika L kata mkono mrefu kama kipande kimoja kisha ugundishe mguu ubavuni. Kigoda na parafujo ndivyo vinavyovunjika kwanza mikononi mwa watoto, hasa vikianguka, na mimi huvitia kijiti chembamba cha ndani kwenye kila kiungo. Kingo zipitishe msasa kidogo tu. Ukizilegeza mno, vipande vitateleza katika mchezo wa kupanga juu kwa juu.

Egemeo alijibu:

Naona hakuna aliyegusa sehemu ya mwisho ya swali, nami ndiyo iliyonileta hapa.

Michezo ya kupanga juu kwa juu ina koo mbili, na mbunifu ajue mapema anajenga ya ukoo upi. Ukoo wa kwanza ni wa mkono na pumzi: swali ni kama jengo litaanguka. Mfano wake unaojulikana zaidi ni Jenga, ambayo Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki, aliuanza kuuza Uingereza mwaka 1983, na jina lake limetoka moja kwa moja katika kitenzi chetu. Vipande ni 54, vitatu kwa kila tabaka, matabaka 18, na urefu wa kipande ni mara tatu ya upana wake ili vitatu vikilala sambamba vifanye mraba. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba vipande hivyo havilingani kikamilifu, vinapishana kwa kiasi kidogo sana, na mchezo mzima umesimama juu ya dosari hiyo. Vingekuwa sawa kabisa, kila kimoja kingebeba mzigo kama mwenzake na pasingekuwa na kilicholegea cha kutafutwa kwa ncha ya kidole. Ndugu MsasaLaini anapigana na milimita, na kwenye fumbo la boksi ana haki. Kwenye mnara wa kuchomoa, milimita hiyo ndiyo mchezo.

Ikiwa utaelekea huko, jifunze kitovu cha uzito cha kila kipande chako kabla ya kutunga kanuni. Isimamishe L kichwa chini, mguu wake ukiwa juu hewani: michemraba mitatu iko kwenye nguzo na mmoja umetoka nje, hivyo kitovu kimesogea kwa robo ya mchemraba tu, nacho bado kiko juu ya msingi, kwa hiyo itasimama. Isimamishe Z wima: miwili iko kwenye nguzo ya chini na miwili imesogea nje, kitovu kinaangukia ukingoni hasa mwa msingi, na pumzi ya mtu inatosha kuiangusha. Z, basi, haiwezi kusimama peke yake, lakini itasimama ikikandamizwa na kipande kingine juu ya mguu wake wa ndani. Hapo tayari una kanuni ya mchezo: mchezaji mmoja anaweka kipande kisichoweza kusimama, anakishikilia, na mwenzake analazimika kukipa mzigo wa kukituliza. Sijawahi kuuona mchezo wa namna hiyo, nami nakupa wazo hilo bure.

Kwa burudani, jaribu pia kupanga mbao nne zinazolingana ukingoni mwa meza, kila moja ikitokeza mbele ya iliyo chini yake. Ya juu kabisa itokeze kwa nusu ya urefu wake, ya pili kwa robo, ya tatu kwa sehemu ya sita, na ya mwisho itokeze nje ya meza kwa sehemu ya nane. Jumla ni 25/24, yaani ubao wa juu wote mzima uko nje ya meza na hauanguki, mradi mkono wako hautetemeki.

Ukoo wa pili ni wa akili tupu, ambamo hakuna kinachoanguka na kupanda juu ni haki inayopatikana kwa mbinu. Pylos ni mfano mzuri: gololi 30, kila mchezaji 15, msingi wa 4×4, juu yake 3×3, kisha 2×2, kisha moja ya kilele, na anayeweka ya kilele ndiye mshindi. Ujanja wake ni kwamba unaweza kuipandisha gololi yako iliyokwisha kuwekwa hadi ngazi ya juu badala ya kutumia mpya, hivyo piramidi inakuwa pia benki ya akiba.

Katika ukoo huu, adui wa mbunifu ni faida ya anayeanza. Chukua mchezo wa kupanga tatu kwa mstari katika 3×3×3: mistari ya ushindi ni 49, na nafasi ya katikati peke yake imo katika 13 kati ya hiyo. Anayeanza huikalia, na kwa kuwa sare haiwezekani kabisa katika umbo hilo, mwenzake amekwisha kushindwa kabla hajakaa vizuri. Kuongeza ukubwa hakutibu ugonjwa: katika 4×4×4 kuna mistari 76, na Oren Patashnik alionyesha mwaka 1980, kwa msaada wa kompyuta, kwamba anayeanza bado anaweza kulazimisha ushindi, ingawa binadamu wa kawaida hawezi kukumbuka jinsi ya kufanya hivyo. Kwa hiyo cheza mchezo wako mara ishirini dhidi ya mtu mmoja, mkibadilishana kuanza, na uandike nani alianza na nani alishinda. Wabunifu wengi huandika kanuni kwa mwezi mzima na hawaandiki hayo.

Mchongaji_Mgeni aliandika:

Narudi baada ya siku kadhaa nikiwa na habari. Nimelipata jibu la boksi la 2×2×5 kwa parafujo. Fimbo inalala kwenye ukingo mmoja kutoka mwanzo hadi nafasi ya nne; parafujo inaziba nafasi tatu zilizobaki za tabaka la kwanza na kuingiza mkia kwenye la pili; mraba unafunga tabaka la tano lote kama kifuniko; L na Z zinagawana kilichobaki katikati. Nililifurahia kwa nusu saa, kisha nikaona udhaifu wake: mraba ukishakuwa kifuniko, kazi iliyobaki ni ndogo mno. Witiri alikuwa sahihi kukiita kiraka.

Ndipo nikachukua vipande vitatu vilivyoachwa nje, yaani T, kigoda na parafujo ya pili, ambavyo kwa pamoja vina michemraba 12, nikavijaribu katika 2×2×3 bila matumaini makubwa. Viliingia. T inalala kwa urefu kwenye ukingo, kigoda kinakaa kona ya pili, na parafujo inafunga upande uliobaki. Kwa hiyo, nikiyaweka maboksi hayo mawili kichwa kwa kichwa, vipande vyote 8 vinajaza 2×2×8, na rangi zinakaa kama mlivyosema: T ina nyeusi tatu, kigoda kina nyeupe tatu. Nimefuata pia ushauri wa MsasaLaini na kukata upya fimbo na L kutoka ubao mmoja.

Kuhusu mchezo wa Egemeo wa kutuliza kipande kinachoyumba, tumeucheza mara sita kwa vipande hivi, na Z imeangusha jengo mara nne. Nadhani seti mbili zitahitajika, kila mchezaji na yake. Aliyeanza ameshinda mara tatu kati ya sita, nami naendelea kuandika hadi ishirini. Boksi la 2×4×4 bado linanishinda, lakini sasa najua kwamba rangi hazilikatazi, na programu sitaifungua hadi mwisho wa wiki.

Witiri alijibu:

Jibu moja la 2×4×4 tayari unalo bila kujua: 2×2×8 yako, mraba ukiwa kwenye kiungo cha maboksi mawili, hukunjika katikati. Mkunjo unahitaji nne kwa nne, na kwa kuwa mraba unafunga tabaka la tano peke yake, fimbo, parafujo, L na Z zinajaza matabaka manne, na mraba pamoja na vile vitatu unajaza mengine manne. Ukitaka jibu lisilokunjwa, anza na fimbo. Ndiyo yenye nafasi chache zaidi za kujificha.